Binti Aliyekataa Kusindikizwa

Mutesi mwanangu,

Jana jioni tukiwa tunakula uliniambia maneno ambayo nadhani ulikuwa umeyabeba kwa siku nyingi. Ulisema, "Papa, kesho kutwa we usikuje ku gare. Mi nitaenda na mama." Mama yako akaacha kupakua. Mimi nikanywa maji, nikatoka nje kana kwamba kuna mtu ameniita. Najua ulifikiri nimekasirika. Nilikasirika kweli, sikatai, lakini hasira ilikuja ya pili. Ya kwanza nitakuambia, ingawa ningependa usiijue.

Leo nimewahi kufunga duka, nimebaki humu ndani kati ya viatu na sare za shule ili nikuandikie. Nikikuambia kwa mdomo nitaanza kuhutubia, unanijua. Mambo ya chandarua, ya kufua, ya kutokopesha wenzako nauli yako ya kurudia, mama yako ameshayamaliza yote, na mengine kayarudia. Mimi huko sina la kuongeza.

Kwetu mtu haondoki nyumbani peke yake kama aliyefukuzwa. Hata mgeni aliyekuja kunywa chai tu tunamsindikiza mpaka barabarani, tukifika tunasimama kuzungumza mpaka miguu inamuuma kuliko alivyokuja. Sembuse mtoto wa kumzaa, tena anayekwenda kusoma Rusizi, kule ziwa linakoishia. Baba asipoonekana kwenye gare, pale mabasi yanapoondokea, siku hiyo, majirani watataka kujua nani kamkosea nani. Kwa hiyo niliona umenivua nguo mbele ya mama yako. Hiyo ndiyo hasira.

Lakini kabla ya hasira, Mutesi, niliwaza video.

Hukujua kwamba nilishawatangazia wafuasi wangu wa mtandaoni kuwa watamwona Papa Conseil akimsindikiza binti yake chuoni. Hukujua kwamba lile sanduku jekundu tulipewa na yule mwenye duka la masanduku pale sokoni, kwa makubaliano kwamba jina la duka lake lionekane ukilipandisha kwenye basi. Uliniambia "asante Papa", ukaisifu rangi yake, na mimi nikapokea shukrani kama mtu aliyenunua. Kwa hiyo uliposema nisije, moyo wangu ulikuwa haujapata hata nafasi ya kuuma, akili ilishakwenda kwenye sanduku: nitamwambia nini mwenye duka? Nilipogundua kwamba hilo ndilo nililowaza kwanza, ndipo nilipotoka nje. Sikutaka mnione uso.

Leo asubuhi nimekwenda kumlipa. Sanduku ni lako. Halidai uso wa mtu.

Wewe ulikuwa mdogo jambo hili lilipoanza, na nadhani hujawahi kusikia mwanzo wake kutoka kwangu bila chumvi. Ilikuwa msimu wa kufungua shule, duka limejaa. Baba mmoja alitaka kumnunulia mtoto wake viatu vinavyompwaya, eti atakua vimtoshe. Mtoto anatembea kama bata. Mimi nikamwambia yule baba, "Usimnunulie mtoto kiatu cha mwakani, yeye anaishi mwaka huu." Watu wakacheka. Kulikuwa na mama mmoja kutoka Goma, Mama Furaha, huyu mteja wangu anayenunua viatu kwa jumla. Alikuwa ananirekodi kwa simu na mimi sina habari, akairusha mtandaoni. Baada ya siku chache Goma yote ya upande wa mpaka mdogo inaniita Papa Conseil, yaani Baba Ushauri, na Gisenyi yetu nayo ikafuata.

Nisikudanganye, nilipenda. Nilikuwa mtu wa kusema "karibu, tuna namba zote", ghafla wamotari wa pikipiki wananipigia honi, kina mama wanaleta watoto wao watukutu niwaseme. Wapo waliovuka mpaka kuja kununua viatu ili tu wapige picha na mimi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilijitembeza, na kwa kuwa nilikuwa nanunuliwa nikajiona kizuri. Nikanunua kile kijiti cha kushikia simu na ile taa ya duara. Mama yako akaiita taa ya kuchungulia meno.

Tatizo la kutoa ushauri kila siku ni kwamba ushauri unaisha. Mtu mmoja hana hekima ya mwaka mzima. Hekima yangu ya dukani ilipokauka nikaanza kuchota nyumbani, na nyumbani mlikuwa wewe na mama yako. Mama yako alinikataza mara moja, kwa sauti ambayo hata wewe hujaisikia, nikaelewa. Wewe ulikuwa mtoto, hukuwa na sauti ya namna hiyo. Kwa hiyo nikachota kwako.

Nilisimulia ulivyokuwa ukikojoa kitandani mpaka ukiwa mkubwa. Nilikuwa nawafundisha wazazi uvumilivu. Nilikutaja jina. Watu waliandika kwamba machozi yamewatoka, kwamba wangetamani kuwa na baba kama mimi, na mimi nikawa nasoma komenti moja moja pale sebuleni huku wewe ukiwa chumbani umejifungia. Nilidhani unasoma. Mganga hajigangi, na nyani haoni kundule. Misemo hii yote niliwahi kuwapa watu wengine bure.

Kuna siku nilikuwa nakueleza kitu mezani, nadhani ni habari ya kuchagua marafiki. Uliniangalia ukauliza, bila kebehi hata kidogo, "Papa, hiyo unaniambia mi, ao unaambia simu?" Simu ilikuwa mfukoni. Nilikucheka. Nilimwambia hata Mama Furaha kama kichekesho, mtoto wangu ana maneno. Yeye hakucheka, na sikujiuliza kwa nini.

Sasa nifike pale ambapo miaka yote hii tumepapita kwa mbali, kama watu wanaozunguka shimo.

Siku ya matokeo yako ya mwaka wa tatu wa sekondari niliita watu. Shangazi yako alikuja kutoka Nyundo, soda zilikuwa kwenye ndoo ya maji baridi, na simu ilikuwa kwenye kijiti, inarusha moja kwa moja. Nilikuwa na hakika utapelekwa ile shule ya sayansi uliyoitamani. Sikukuuliza kama unataka watu. Uliposoma ujumbe uliangalia tu simu yako, kisha ukaiweka mezani kifudifudi, ukainuka ukaenda chumbani. Kila mtu akaelewa. Shangazi yako akasema, "Mwacheni kwanza." Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi ya mtu mzima katika chumba kile.

Mimi nilichomoa simu kwenye kijiti nikakufuata.

Nilikukumbatia kwa mkono mmoja. Ulikuwa unalia umenilalia begani, na mimi nilikuwa nasema maneno mazuri, Mutesi, maneno ya kweli kabisa, kwamba mtihani haupimi mtu, kwamba nakupenda ukifaulu na ukifeli. Huku natazama kioo cha simu, nikaona chumba kina giza na uso wako hauonekani. Nikakuambia, "Geuka kidogo huku, mwanangu, kuna mwanga."

Na wewe ukageuka.

Hapo ndipo ninaposhindwa kulala mimi. Kusema nilisema, mtu anaweza kuropoka. Lakini wewe ulitii. Ulikuwa katikati ya kilio chako na bado ulimtii baba yako, ukageuza uso kwenye dirisha ili watu nisiowajua waone vizuri unavyolia. Sijui ulifikiri nini. Labda ulifikiri baba anataka kukufuta machozi.

Video ile ilitazamwa kuliko zote nilizowahi kufanya, kabla na baada. Baba bora, waliandika. Wengine waliitafsiri kwa Kinyarwanda na Kifaransa. Wachache waliokiona kile kitu, walioandika "huyu mtoto anageuzwa kama picha ya pasipoti", niliwafuta. Niliwaita wenye wivu. Nilimwambia mama yako kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, kana kwamba msemo ule uliwekwa ili watu wawarekodi watoto wao wakilia. Mama yako akanijibu kwamba siku hiyo hakuona mtoto akiadhibiwa kosa lolote, basi msemo huo niutafutie mahali pengine.

Shuleni wakaanza kukuita Geuka Kidogo. Hukunieleza. Nililisikia kwa kijana wa pikipiki. Ulipita mbele ya duka na mkoba wako, akakuita kwa jina hilo huku akicheka, na ukageuka. Kisha ukaona umegeuka, ukashusha kichwa ukaongeza mwendo. Nilimtukana yule kijana mpaka watu wakaja kunishika. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, "Mzee, si ni wewe uliitoa?"

Video niliifuta, lakini kwa kuchelewa, na sikuifuta kwa akili yangu. Ni Mama Furaha. Alikuja kuchukua mzigo wake wa viatu, akaniuliza habari zako, nikasema hajambo, siku hizi mkimya tu, umri. Akafunga mzigo wake, kisha akasema, "Papa Conseil, mi nitakuambia kitu, usinichukie. Ile siku mutoto alilia, mi nilizima simu. Mutoto ya mwenzangu analia mu chumba yake, mi naangalia ya nini? Na ni mi nilikuanzisha hii mambo. Inaniumiza." Alilipa akaondoka. Niliifuta siku hiyohiyo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Walikuwa wameshainakili, wameiwekea muziki, wameigeuza kichekesho. Bado ipo huko, na mimi sina uwezo nayo.

Ungedhani hapo nilipata akili. Sikupata. Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya nishindwe kukutazama mezani. Nilirekodi video ya kuomba radhi.

Nilivaa shati jeupe. Nilikaa kwenye taa. Nilisema nimemkosea binti yangu, nimejifunza, wazazi wenzangu msirudie kosa langu. Sauti ilinikatika mahali pazuri. Wakanisamehe kwa maelfu, watu ambao sikuwakosea lolote. Jioni nilirudi nyumbani kama niliyetua mzigo, nikala vizuri, nikakuambia usisahau kufunga dirisha. Sikukuambia lolote lingine. Nilikuwa nimeshaomba radhi, si ndiyo? Nilikuwa kama mtu aliyelipa deni kwenye nyumba ya jirani. Video hiyo ulikuwa umeiona, maana rafiki zako walikutumia. Uliniuliza tu, "Papa, chumvi iko wapi?"

Tangu hapo umejifunza mambo ambayo mtoto hapaswi kujifunza nyumbani kwao. Nikitoa simu kuangalia saa, unahama kiti. Ukicheka na mama yako jikoni, nikiingia kicheko kinakatika. Hujawahi kunikosea adabu hata mara moja, na hilo ndilo linalonimaliza. Ungenipigia kelele ningejua pa kushika. Wewe unaniamkia, unaniletea chai, unanijibu vizuri, kama mtu anavyokaa na mgeni asiyemwamini.

Basi nakuambia sasa, wewe peke yako. Nilikukosea, Mutesi. Nilichukua vitu vyako vya ndani nikavifanya bidhaa, na ulipokuwa unaumia nilikuuza ukiwa unaumia. Sina sababu. Nilipenda kupendwa na watu wengi, nikaona wewe tayari unanipenda kwa hiyo unaweza kusubiri. Nisamehe ukiweza. Usipoweza sitakuuliza.

Utaona hapo juu kuna mstari nimeukata kwa kalamu mpaka karatasi imechanika. Nilikuwa nimeandika sentensi nzuri kuhusu baba na mtoto. Nilipoimaliza nikaisoma kwa sauti, na nikajikuta nawaza ingependeza kwenye video. Nimekaa na barua hii mbele yangu, ya kukuomba radhi, na bado mkono ulitaka kuchota. Nakuambia ili usidhani unaachana na baba aliyepona. Barua hii nimeiandika kwa mkono, haina nakala, sijaipiga picha. Ukitaka kuichana, ichane.

Nilijiuliza leo nilitoa wapi ugonjwa huu wa kusemasema, nikamkumbuka babu yako ambaye hukumkuta. Nilipoondoka Karagwe kuja huku nikiwa kijana, alinisindikiza kutoka nyumbani mpaka barabara ya magari. Ni mwendo wa nusu siku. Alibeba mzigo wangu kichwani, mzee mzima, akakataa nimpokee. Njia nzima alizungumzia majani. Hapa yamekauka, pale ng'ombe wa fulani wamekula mpaka mizizi. Gari lilipokuja akanipa mzigo wangu, akasema, "Haya," akageuka kurudi. Niliapa ndani ya gari lile kwamba nikipata watoto nitawaambia kila kitu kilichomo moyoni mwangu. Ona nilivyowaambia.

Nilimhukumu miaka mingi kwamba alikuwa mkavu. Juzi tu, nikiwa nakufungia kamba ya godoro lako, ndipo nilipofikiri upande wa pili. Mimi nilikuwa mtoto mkorofi sana. Niliiba, nilidanganya, niliwahi kumlilia mama yangu mbele ya wavulana wenzangu. Baba yangu aliyajua yote. Sijawahi kukutana na mtu yeyote, Karagwe wala Rwanda, aliyeyasikia kutoka kwake. Kila upuuzi wangu alikufa nao. Nilipofika Gisenyi nilikuwa mtu asiyejulikana na yeyote, nikawa mtu niliyetaka kuwa, na sikujua kwamba hiyo ilikuwa zawadi yake.

Wewe zawadi hiyo sikukupa. Rusizi wanazungumza Kiswahili kama sisi, Bukavu ipo ng'ambo tu, na simu hazina mpaka. Huenda siku ya kwanza darasani mtu akakutazama mara mbili. Wakikuuliza kama wewe ni mtoto wa Papa Conseil, una ruhusa yangu ya kukataa. Sema baba yako anauza viatu Gisenyi, utakuwa husemi uongo. Kama itaniuma, hilo ni langu, usilibebe wewe. Na ikitokea siku moja na wewe ukataka kujulikana na watu wengi, sitakukataza, sina uso wa kukataza. Nitakuomba tu uangalie ni nani anayelipa. Mimi sikuangalia kwa sababu hakuwa mimi.

Sijui kesho nitafanya nini na ule ukurasa wangu. Ningependa kukuambia nimeufunga, ungefurahi, na mimi ningejisikia mwanaume. Lakini nimekwisha kuahidi mengi mbele ya watu, wewe sitaki kukuahidi nisichokuwa na hakika nacho. Ninachoweza kukuambia ni kwamba jina lako na sura yako vimetoka humo, vyote nilivyoweza kuvipata, na havitarudi.

Sasa jibu lako. Nimekaa na neno lako tangu jana, na nimelitafutia njia ya kulizunguka. Niliwaza nije bila simu. Niliwaza nisimame mbali, upande wa pili wa barabara, nione tu basi likitoka. Kila njia niliyoipata ilikuwa ya kunifaa mimi. Pale gare kila mtu ananijua, wangenizunguka, wangetoa simu zao, na wewe ungeondoka nyumbani kwenu ukiwa umefunika uso. Kwa hiyo nakuelewa, na hukunivunjia heshima. Ulikuwa unaniomba uondoke kama mtu yeyote anavyoondoka.

Sitakuja, Mutesi. Asubuhi nitafungua duka kama kawaida. Wakiniuliza mbona sikumsindikiza binti yangu, nitasema alinikataza, na sitaongeza maelezo, waseme wanavyotaka.

Ukifika mpigie mama yako. Nitakuwa nimekaa karibu naye, na sitaomba nipewe simu.

Ni mimi, baba yako.